Sindano za Kichwa na Boti Iliyonisubiri

Kama kichwa chako kinauma leo, usisome karatasi hii yote. Soma kidogo, iweke chini, funga pazia, ulale. Itakusubiri. Mimi mwenyewe nimeiandika hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Naandika kwa ajili ya wenye kichwa. Sisemi wale wa kichwa cha jua, cha kumeza vidonge viwili na kesho kimesahaulika. Nasema sisi ambao kichwa kimehamia kwetu, kikaleta na kitanda. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo anayetaka majina ya mishipa akamuulize daktari. Gharama nazo siziandiki hapa, kila mtu aulize hospitali yake. Mimi nitasema yaliyonipata.

Ninachokijua kwa hakika ni kuunda boti. Nilianza kwa kushikilia mbao za mafundi wengine wakati wao wanagonga. Leo nina banda langu ufukweni Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, nyumba iko nyuma yake, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari mmoja. Boti zangu zinatembea kutoka hapa mpaka Nansio na visiwa vya mbele ya Nansio. Nalisema hili ili mjue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Kilianzia upande wa kulia, nyuma ya jicho. Kwanza vinakuja vimulimuli, kama jua linavyopiga juu ya maji mchana, ila wewe uko ndani na dirisha limefungwa. Halafu vidole vinaingia ganzi. Halafu kinaanza kugonga. Mimi nimegonga misumari maisha yangu yote, nyundo naijua. Ile ilikuwa nyundo, na ubao ni mimi.

Unatapika. Mwanga hutaki, sauti hutaki, harufu hutaki. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaishi Kirumba. Dagaa wameanikwa, injini za boti zinanguruma, watu wa sokoni wanaitana tangu alfajiri, na kazi yenyewe ni ya kugonga. Mwanzoni kilikuwa kinakuja mara moja kwa mwezi. Baadaye kila wiki. Mwisho ikawa siku nzuri ndizo za kuhesabu.

Mke wangu Veronika, ambaye watu wanamwita Mama Kulwa, ni mtu wa Ukerewe, amelelewa kwa samaki. Siku moja alikaanga sato, nikatapika kwa ile harufu. Sikumwambia aache. Kuanzia siku hiyo sufuria ya samaki ikahamia kwa jirani. Alikuwa anakwenda kula kule, anaoga, anabadilisha kitenge, ndipo anaingia chumbani kwangu. Ilikwenda hivyo miaka, na mimi sikujua mpaka jirani aliponiambia.

Kazi yake nyingine ilikuwa kunikanda. Maji ya moto, kitambaa, na kidole gumba chake kwenye paji la uso, anasukuma taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Dawa nyingine zote zilikuwa zinashindana kushindwa. Mikono ile ilinipa hata nusu saa ya kupumua.

Nilipita kote. Nilichanjwa chale pembeni mwa macho, huku na huku. Nilivaa miwani. Niliombewa, na waliokuja kuniombea nawashukuru, wengine walikuja na mvua. Nilimeza vidonge vya maumivu kila siku kama mtu anayetafuna karanga. Hili la vidonge mlishike, nitalirudia.

Kilichonivunja siyo maumivu. Ni ubao.

Tulikuwa na boti kubwa ya mteja wa Nansio. Mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, ulishalala chini, mbavu zilishasimama, tunaanza kuvisha mbao ubavuni. Sospeter, fundi niliyemfundisha mwenyewe, sasa mtu mzima mwenye familia yake, alishika ncha ya pili. Nikafumba jicho moja nikaangalia mstari wa ubao, nikaona umepinda. Nikachukua randa.

"Mzee, huo umenyooka," Sospeter akasema.

"Shika, nyamaza."

Nikaranda. Nikaangalia, bado umepinda. Nikaranda tena. Vimulimuli vilipoondoka ndipo nikaona nilichofanya. Ubao mzuri wa mvule, umekuwa mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Sospeter aliubeba akauweka nyuma ya banda, mahali wateja hawapiti. Bora angenicheka.

Jioni hiyo mwanangu Kulwa alikuja. Yeye anauza spea za magari Buzuruga, karibu na stendi. Ni mtoto mwenye adabu, ila akishasema jambo hageuki, na hilo amelitoa kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefunga duka mapema."

"Sospeter kanipigia."

"Sospeter ana mdomo."

"Baba, funga banda. Utakuja kujikata mkono. Vifaa nitavichukua mimi, nivitunze au tumpe mtu anayevijua. Utakula, utavaa. Mimi nipo."

"Mimi sijawahi kulishwa na mtu."

"Bibi alikulisha."

"Bibi yako alinilisha mpaka nikajua kuvua. Baada ya hapo nilimlisha mimi."

Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni na beseni. "Kabla hamjagawana vifaa," akasema, "si mumpeleke kwanza kwa yule daktari wa sindano?"

Kumbe kule kanisani kuna mtu alimwambia. Hospitali moja kubwa hapa mjini yuko daktari wa mishipa ya fahamu, anachoma sindano za dawa ya kulegeza misuli kwenye kichwa na shingo, kwa watu wa kichwa kisichoisha. Mimi nilisema sitaki kulegezwa. Nilibebwa, sikwenda.

Daktari alitueleza siku ya kwanza bila kuzunguka: dawa hii haiondoi ugonjwa, inaupunguza, tena siyo kwa kila mtu. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na wengine hawaoni nafuu mpaka awamu ya pili au ya tatu. Tulipotoka nje, Kulwa akanisimamisha kivulini.

"Baba, tupatane. Awamu tatu. Vuli ikiisha nitakuja. Nikikukuta bado unalala gizani, vifaa vinapanda gari, hakuna maneno."

"Na ukinikuta kazini?"

"Sitalisema tena mpaka nakuzika."

Tukashikana mikono kama watu wanaouziana mbao. Mama Kulwa alikuwa pale, na hakuna aliyemuuliza.

Sindano za kwanza zilikuwa wakati wa masika. Kwenye benchi la kusubiri watu wote walikuwa wanatazama televisheni, isipokuwa mimi na mama mmoja aliyejifunika kitenge kichwani. Sisi wawili tulikuwa tunatazama ukuta.

"Baba, ni kichwa?" akaniuliza.

"Umejuaje?"

"Umeupa mgongo mlango."

Alitoka Sengerema, alikuwa anakuja mara ya nne. Nikamuuliza kama zinauma.

"Kama siafu. Ila siafu wanaojua wanakokwenda."

"Zinasaidia?"

"Mwanangu alipoolewa nilikuwa chumbani na ndoo pembeni. Ngoma naisikia, sitoki. Mwezi uliopita nimecheza kwenye harusi ya jirani mpaka viatu nikavua. Na huyo jirani hata simpendi."

Nilicheka, na kucheka kuliniuma, lakini niliingia ndani na ule mcheko. Ukienda hospitali, zungumza na wa benchi. Daktari atakueleza dawa. Wa benchi atakueleza maisha.

Daktari wa kuchoma sindano hakuwa yule wa siku ya kwanza, alikuwa binti wa umri wa wanangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Basi."

Akanipapasa kichwa chote kwa vidole. Akafika kwenye chale. "Hizi za lini?"

"Kabla hujazaliwa."

"Zilisaidia?"

"Zilinisahaulisha kichwa siku mbili, maana zilikuwa zinauma zenyewe."

Akacheka, akachoma sindano palepale pembeni ya chale. Sindano ni ndogo, lakini ni nyingi, zinapita thelathini: kwenye paji, katikati ya nyusi, juu ya masikio, kisogoni, shingoni, mpaka mabegani. Mimi ni mtu wa misumari, nikamwambia anapiga vizuri, hakosei nafasi. Alipomaliza akatuonya wote wawili. Nisilale mpaka jioni. Nisifunge kitambaa kichwani. Nisikandwe kichwa wala uso, dawa isije ikahama mahali pake.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, daktari," Mama Kulwa akasema.

Alisikia kweli. Tatizo tulilikuta nyumbani, limeshuka kwenye meli ya Nansio na mfuko wa machungwa. Ni shemeji Agripina, dada mkubwa wa mke wangu. Mama yao alikufa mapema, Agripina ndiye aliyemlea Veronika, ndiye aliyepokea mahari yangu. Kwa hiyo kwangu yule si shemeji wa kutaniana. Ni mkwe. Mbele yake navua kofia na natazama chini. Mimi nagombana na madereva wa malori ya mbao, nagombana na wateja wenye bunduki za ulinzi, lakini kwa Agripina sina sauti.

Akaniangalia uso wenye vialama vya sindano, akaweka mikono kichwani. "Mtu ametobolewa hivi halafu mmemwacha? Damu itamgandia. Veronika, lete maji ya moto."

"Dada, daktari amekataza kukanda."

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

"Sijui, dada."

"Mimi nimekanda wazazi kumi na zaidi, na wote wako hai. Lete maji. Na wewe nisaidie."

Mke wangu alinitazama. Mimi ndiye nilipaswa kusema hapana. Nilitoa kofia, nikainamisha kichwa kama ng'ombe kwenye josho. Wakanikanda wawili, mmoja huku mmoja huku, kutoka juu ya paji kushuka mpaka kwenye kope. Na niseme ukweli, ilikuwa tamu.

Baada ya siku chache kope la kulia likaanza kushuka. Asubuhi lilikuwa nusu, jioni jicho limebaki mstari. Kirumba kuna ugonjwa mmoja tu unaoshusha uso wa mzee upande mmoja. Kabla ya adhuhuri benchi za kanisa zilishafika uani. Mtu mmoja alileta sukari, mwingine mkaa. Akina mama wakaanza wimbo kwa sauti ya chini, ule wa kuaga. Mimi nilikaa katikati ya msiba wangu nakunywa chai.

"Anaongea?" nilisikia mtu anamuuliza Sospeter.

"Anaongea," Sospeter akajibu. "Ametutukana wote tangu asubuhi."

"Basi si kiharusi."

"Ndiyo nawaambia."

Kulwa alifika mbio, akanipeleka hospitali. Daktari akaniambia nicheke, niinue mikono, nimshike vidole nivibane. Vyote nikafanya. Akasema huu si ugonjwa wa kupooza, ni dawa imefika kwenye msuli wa kope, itakwisha nguvu na jicho litafunguka lenyewe baada ya wiki kadhaa. Halafu akauliza polepole, "Mzee, nani alikukanda?"

"Upepo," nikasema.

Mama Kulwa akaanza kulia. "Ni mimi, daktari. Ni hii mikono."

Yule binti alimshika bega. Akamwambia linaweza kutokea hata kwa asiyekandwa, asijibebeshe. Maneno mazuri. Lakini mke wangu alishajibebesha. Kuanzia siku hiyo hakunigusa. Maji alikuwa anayaweka mezani, hanipi mkononi. Akipita kitandani anajikunja asinifikie, kama mtu anayepita karibu na chungu kilichopasuka. Kichwa kiligonga vilevile, na sasa hata ile nusu saa ya mikono yake sikuwa nayo. Ule ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko yote, na dawa ya hospitali haina habari nao.

Jingine lililotokea ni paji. Lililala. Mikunjo yangu yote, niliyoitafuta kwa miaka, ikanyooka, paji likawa laini kama la mtoto wa kipaimara. Nataka kukunja uso, haukunjiki. Mteja mmoja alikuja na maneno yake ya kipuuzi, nikamkazia uso, yeye anaendelea kutabasamu tu.

"Mzee siku hizi huna hasira," akasema.

"Hasira ipo. Imekosa mlango."

Sospeter naye akapata la kusema. Nilikuwa naangalia mstari wa ubao na lile jicho lililofumba. "Umerahisishiwa, mzee," akasema. "Zamani ulikuwa unalifumba mwenyewe." Nilimrushia kipande cha mbao. Nilimkosa, kwa sababu ya jicho.

Awamu ya kwanza ikapita hivyo, bila nafuu. Nilimwona Kulwa anaangalia sanduku la vifaa, lile kubwa la mbao, kama mtu anayekadiria kama litaingia kwenye gari.

Awamu ya pili ilikuwa kiangazi. Daktari akauliza vidonge nameza vingapi. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akasema vidonge vyenyewe, vikimezwa kila siku, vinakitunza kichwa kisiondoke. Nibaki na dawa moja atakayonipa yeye, ya siku kinapoanza tu, tena si zaidi ya siku chache kwa mwezi. Mimi nilidhani namfukuza mwizi, kumbe nilikuwa namletea chakula. Nyumbani nilimwambia Mama Kulwa avifiche. Alivitupa chooni. Wiki zilizofuata sitaki kuzieleza sana. Nilitapika, nilitetemeka, nililia mbele ya mke wangu, jambo ambalo sikulifanya hata nilipomzika mama. Ukifika hapo, usiwe peke yako, na usiache vidonge kwa kichwa chako mwenyewe. Mwambie daktari.

Siku ile ile ya awamu ya pili, tunataka kutoka, Mama Kulwa akarudi kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Daktari, samahani. Na miguu je?"

"Miguu ina nini, mama?"

"Naruhusiwa kuikanda?"

Daktari alimtazama, halafu akanitazama mimi. Nadhani alielewa vyote. "Miguu kanda, mama," akasema. "Kanda mpaka uchoke."

Usiku ule alileta beseni. Miguu yangu ni ya mtu aliyekanyaga maranda na mawe maisha yake yote, kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Aliishika kama kitu cha kuazima. Nilimwachia miguu, yeye akaniachia nimwone anafuta macho kwa bega.

Shingo ilinilegea kidogo baada ya sindano hizo. Kichwa kizito, nikiinama kukinyanyua ni kazi, nakishikilia kidevu kwa mkono kama mtu anayefikiri sana. Wateja waliniheshimu zaidi. Ilipita.

Halafu ikaja asubuhi moja. Niliamka nikabaki nimelala, sijageuza shingo. Sauti za Mwaloni zilikuwa zinaingia dirishani, mtu anagombana kuhusu barafu.

"Kinauma?" Mama Kulwa akauliza.

"Hapana."

"Mbona huinuki?"

"Nakisubiri."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, tukakisubiri wote wawili. Hakikuja. Mchana akauliza kama anaweza kujaribu kukaanga samaki. Nikamwambia akaange.

Sikupona. Msinisikie vibaya. Kilikuwa kinakuja, lakini kwa nafasi, na kikija hakikai. Nikajifunza kuvaa kofia pana na miwani nyeusi, kufanya kazi asubuhi kabla ziwa halijaanza kumeremeta, kupumzika mchana, kurudi jua likilegea. Mbao zikapanda ubavuni mwa boti ya Nansio, moja juu ya moja. Sospeter anagonga, mimi napima na kukata. Nyundo nilianza kuishika kwa muda mfupi mfupi, na pamba masikioni.

Jambo moja jingine la kuwaambia: dawa inachoka kabla ya tarehe. Wiki mbili tatu za mwisho kichwa kinaanza kuchungulia tena, na mtu anakata tamaa, anasema imeshindikana. Haijashindikana. Unangoja awamu ifuatayo.

Awamu ya tatu ilikuwa vuli, mvua za kwanza, wale wadudu wa ziwa wanapanda kama moshi na kuingia mpaka kwenye uji. Nikapata wiki nzuri. Nikapata nyingine. Boti ikafika juu, ikabaki kuziba nyufa kwa pamba na kupaka rangi. Kuziba nyufa sikumwachia mtu, hata Sospeter. Pamba ikilala vibaya, watu wanakufa maji.

Mvua zikaanza kupungua. Kulwa akapiga simu. "Baba, Jumamosi nakuja."

"Njoo. Utanikuta kazini."

Ijumaa usiku ilipiga radi mpaka alfajiri. Jumamosi niliamka, nikaona vimulimuli pembeni ya jicho.

Nilimeza ile dawa ya daktari, nikavuta pazia, nikalala. Nikasikia gari linaingia uani. Pikapu, injini yake mbovu. Mlango ukafunguliwa kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nilisikia pumzi yake. "Umelala gizani, baba."

"Nimelala gizani. Nenda kachukue."

Hakuondoka mara moja. Nadhani alitaka nimkatalie, nimpe sababu ya kugombana. Lakini mimi nilishika mkono wake kivulini pale, na mkono wangu siugeuzi. Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayejua mlango unavyomuumiza mwenye kichwa. Nilikaza meno. Huku kichwa, kule banda.

Halafu nikasikia sauti ya mke wangu kutoka bandani. Si sauti ya juu, lakini ukuta wetu ni wa mabati.

"Hiyo gari imebeba nini, Kulwa?"

"Haijabeba kitu, mama. Imekuja kubeba."

"Basi itarudi kama ilivyokuja."

"Mama, mimi na baba tulipatana."

"Mlipatana nyinyi. Aliyekuwa anashika ndoo ni nani? Kuna aliyeniuliza?"

Nikasikia nyundo ya Sospeter inawekwa chini.

"Jana baba yako alikuwa hapa," akaendelea. "Juzi alikuwa hapa. Wiki nzima alikuwa hapa anamtukana Sospeter. Muulize."

"Kweli," Sospeter akasema. "Alinitukana."

"Leo kinamuuma. Ni leo. Wewe ukishikwa na malaria, duka si unafunga?"

"Nafunga, mama."

"Na kuna mtu anakuja na gari kubeba spea zako?"

Baadaye nikamsikia Kulwa, "Mama, basi inuka hapo juu ya sanduku tuzungumze."

"Naongea vizuri nikiwa nimekaa."

Sikusikia zaidi. Dawa ilinichukua.

Nilipoamka mwanga pembeni mwa pazia ulikuwa umegeuka, jua limekwenda magharibi. Nilikaa. Nikasimama. Nikatikisa kichwa kidogo, kama unavyotikisa kibuyu kujua kama kina kitu. Kilikuwa kizito, lakini kimenyamaza. Miaka iliyopita hapo ningekuwa natafuta ndoo, na siku mbili mbele yangu. Nikavaa kofia, nikavaa miwani, nikatoka.

Pikapu ilikuwa palepale, tupu, dereva amelala miguu nje ya dirisha. Kulwa alikuwa amekaa mchangani kwenye kivuli cha boti, anakula hindi la kuchoma, shati ameliweka begani. Sospeter alijifanya anatafuta kitu. Na Mama Kulwa alikuwa juu ya sanduku la vifaa, kitenge amekifunga sawasawa, hajasogea tangu asubuhi. Hata hindi lake alilila hapohapo.

Wote watatu waliniangalia. Nilizunguka boti upande wa ziwa, nikapitisha kidole kwenye ufa wa chini karibu na mkuku. Ulikuwa bado mtupu. Nikachukua pamba, nikaisokota kwenye kiganja, nikarudi mpaka kwenye sanduku.

"Mama Kulwa," nikasema, "inuka. Nataka patasi."